Iringa, Mbeya, Tunduma: Mgeni Alale Mtaa Gani?

Barabara kuu iendayo Zambia ina tabia ya kumlaza mgeni palepale basi lilipomshusha. Unateremka usiku umechoka, unaingia gesti ya kwanza yenye taa, na alfajiri unapanda gari jingine bila kuijua sura ya mji uliolala. Ninawafahamu watu wa Dar es Salaam waliopita Iringa na Mbeya namna hiyo miaka nenda miaka rudi. Ukiwauliza, watakutajia baridi, stendi na supu ya asubuhi.

Safari hii nilikwenda kukaa. Kila nilipofika nilianza na swali moja: mji huu ulijengwa na nini? Pale lilipokuwa jibu ndipo nilipotafuta chumba. Ilikuwa mwezi Machi, mvua zimeshika kwelikweli, na Nyanda za Juu Kusini zilikuwa kijani kitupu kuanzia Mlima Kitonga hadi mpakani.

Iringa: Kupanda juu

Barabara kuu haiingii Iringa mjini. Inapita bondeni, kando ya Mto Ruaha Mdogo, na Ipogolo yote imejipanga kwa ajili ya gari: gereji, maduka ya vipuri, mama lishe, gesti zenye uwanja mpana wa kuegesha malori. Mji wenyewe uko juu mlimani. Anayepita chini hauoni, na usiku anachosikia ni breki za malori yanayoteremka.

Nilipanda juu siku hiyohiyo nikachukua chumba Gangilonga. Ni mtaa wa miti mirefu na nyumba zilizokaa mbalimbali, zenye ua wa michongoma. Harufu ya udongo uliolowa inakaa hewani mpaka saa nne asubuhi. Mwenye nyumba ya wageni alikuwa mama wa makamo, amejitanda kitenge juu ya sweta.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kamwene."

"Kamwene," nikaitikia, naye akafurahi kusikia salamu ya Kihehe ikirudi.

"Mbona hukulala huko chini, karibu na magari?"

"Nimekuja kuuona mji, mama."

"Basi jioni, mvua ikikata, panda jiweni. Utauona wote."

Jiwe lenyewe, Gangilonga, ni jabali kubwa lililoupa mtaa jina. Njia ya kulifikia inapita kwenye majani marefu, na hatua za mwisho ni za kushika mwamba kwa mikono. Wazee husimulia kwamba Mtwa Mkwawa, chifu wa Wahehe, alikuwa akifika hapa kutafuta ushauri wakati wa vita vyake na Wajerumani. Ukisimama juu yake unaelewa kwa nini mtu wa vita angepapenda. Mabati ya mji yako chini ya miguu yako, bonde la mto liko upande mmoja, na njia zote zinazoingia mjini zinaonekana. Mvua ilikuwa imekatika, na moshi wa majiko ulikuwa ukipanda kutoka Kitanzini na Mlandege.

Asubuhi nilishuka kwa miguu hadi katikati ya mji. Kutoka Gangilonga ni mteremko wa kutembea bila haraka, na hii ndiyo faida ya kulala huku: unaingia mjini kwa miguu. Maduka ya zamani yenye baraza yangali yamesimama, jamatikhana ya Waismaili ingali na saa yake, na sokoni vikapu vimepangwa kimoja juu ya kingine. Vikapu vya Iringa husukwa kwa milulu. Nilikaa kwa dada mmoja aliyekuwa akifunga ukingo wa kikapu: anapitisha uzi, anakaza, anageuza, anapima kwa jicho kama duara limekaa sawa. Aliponiona nimekitazama sana akanipa nikishike. Hakikubonyea.

Jengo la boma, lililojengwa na Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20, siku hizi ni makumbusho. Ndani yake historia ya mkoa imepangwa chumba kwa chumba, na mgeni anayeanza huko anatoka akijua aende wapi kesho yake. Mimi nilikwenda Kalenga.

Kalenga

Iringa ya kwanza ilikuwa huku, kilomita kama 15 kutoka mjini, katika njia ya kwenda Hifadhi ya Ruaha. Hapa Mkwawa alikuwa na ngome yake yenye ukuta mrefu kuzunguka makao yake. Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo, jeshi lake lilikuwa limelivamia kundi la kamanda wa Kijerumani Emil von Zelewski likiwa safarini na kulishinda, na Zelewski mwenyewe akauawa. Wajerumani walichukua miaka mitatu kujipanga upya. Mwishoni mwa Oktoba 1894 waliileta mizinga na kuiangusha Kalenga. Mkwawa alitoroka akaendelea kuwasumbua msituni hadi tarehe 19 Julai 1898, alipojiua kwa risasi ili asikamatwe.

Katika makumbusho madogo ya Kalenga fuvu lake limewekwa ndani ya kioo. Lilichukuliwa likapelekwa Ujerumani, na suala lake likaingia hadi katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, kifungu cha 246, kilichoitaka Ujerumani ilikabidhi kwa serikali ya Uingereza. Hata hivyo lilirudi tu tarehe 19 Juni 1954, pale Gavana Edward Twining alipolikabidhi kwa mjukuu wa mtwa, Chifu Adam Sapi Mkwawa, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge kwa miaka mingi. Mzee aliyenitembeza alisimulia yote haya kwa sauti ya chini, akisimama upande, asikigeuzie kioo mgongo.

Baada ya kuiangusha Kalenga, Wajerumani walijenga boma jipya juu ya mlima, penye mji wa leo. Kwa hiyo Iringa ni mji uliozaliwa na ngome mara mbili, kwanza ya Wahehe bondeni, kisha ya wavamizi wao juu. Malori yalikuja baadaye sana. Ndiyo maana nasema anayelala Ipogolo amelala kwenye sura ya mwisho ya kitabu bila kusoma zilizotangulia. Mwenye fedha kidogo atapata gesti nzuri Mlandege au Miyomboni, karibu na soko. Anayependa vijana na kelele za jioni aende Kihesa, kwenye wanafunzi wa vyuo, ambako chipsi zinakaangwa hadi usiku mwingi. Lakini apande juu.

Ifunda, Mafinga, Usangu

Kutoka Iringa kwenda Mbeya ni kilomita zaidi ya 300, na nilizigawa vipandevipande. Kwanza Isimila, umbali mfupi kutoka mjini, ambako korongo limechongwa na mvua likaacha nguzo ndefu za udongo mgumu zimesimama peke yake. Chini ya nguzo hizo wataalamu walifukua mashoka ya mawe ya watu walioishi hapa zaidi ya miaka 200,000 iliyopita. Unalishika moja, unaona lilivyochongwa pande mbili likatoshea kiganja, na mkono wako wenyewe unatambua lilivyotumika.

Ifunda nilisimama kwa ajili ya ulanzi, kinywaji cha mianzi. Msimu wake ni huu wa mvua, mianzi inapochipua. Kaka mmoja alinipeleka kichakani nyuma ya nyumba yake. Chipukizi linakatwa ncha, kisha linainamishwa na kuchomekwa mdomoni mwa mbeta, kipande cha mwanzi mkavu kinachofanya kazi ya chombo. Utomvu unadondoka humo usiku kucha. Asubuhi na jioni mgema anapitisha kisu kikali na kuondoa utando mwembamba wa mwanzi ili jeraha lisifunge. Alinimiminia uliogemwa asubuhi hiyo, ambao huitwa mtogwa: mtamu, wenye povu jepesi, hata mtoto hunywa. Uliolala siku mbili tatu ni mkangafu, na huo una heshima yake. "Huu wa leo ni wa mgeni," akasema. "Ule mwingine ni wa wenye nyumba."

Baada ya hapo ni Mafinga na misonobari ya Sao Hill. Msitu wa kupandwa unafuatana na barabara kwa muda mrefu, miti imesimama kwa mistari, na kwenye kila kituo mbao zimerundikwa zikingoja gari. Makambako upepo unapiga bila kizuizi. Hapa ndipo njia ya Njombe na Songea inapochepuka, na ndipo reli ya TAZARA, iliyopitia mbali huko Kilombero na Mlimba, inapokutana tena na barabara kuu. Abiria wanateremka wamejikunyata, wananunua mahindi ya kuchoma, wanarudi ndani haraka.

Kisha nchi inateremka ghafla na joto linarudi. Ni bonde la Usangu. Mashamba ya mpunga ya Mbarali yalikuwa yamejaa maji, na watu wameinama humo hadi jicho linapoishia. Kushoto, ukuta wa milima ya Kipengere unapanda hadi mawinguni. Juu yake ndiko Kitulo, hifadhi ya taifa tangu mwaka 2005, ambayo mwezi kama huu huwa imefunikwa na maua. Kule Chimala unaiona barabara ya kupanda huko ikijikunja kwenye mlima, kona juu ya kona. Igurusi magunia ya mchele yamesimama mbele ya kila duka, na kila mwenye duka anaapa kwamba wake hauna mchanga.

Mbeya: Chini ya Loleza

Mbeya inaanzia Uyole. Hapo inachepuka njia ya Tukuyu na Kyela, hadi mpaka wa Malawi pale Kasumulu. Wakati huohuo barabara kuu inaendelea mbele kuelekea Zambia. Mji wenye njia mbili za kutokea nchini ni mji wa mpakani hata kama mpaka wenyewe uko mbali, na ukitaka kulithibitisha hilo sikiliza makonda wa Uyole: Kyela, Tunduma, Sumbawanga, Dar, yote kwa pumzi moja.

Usiku wa kwanza nililala upande wa juu, karibu na Uzunguni. Mbeya ilianza mwaka 1927, baada ya dhahabu kupatikana Lupa, upande wa Chunya, na mji ule wa kwanza ulipangwa huku, chini kabisa ya Mlima Loleza. Wazungu walijenga juu palipo na hewa, wafanyabiashara wa Kihindi wakajenga Uhindini, na soko likawekwa Sokomatola. Mpangilio huo ungali unasomeka. Mitaa imenyooka, jakaranda na mikalitusi ni mikubwa, na mlima umesimama karibu mno kiasi kwamba ukifungua dirisha unaona majani yake. Jirani na hapa kuna mitaa ya Forest, nayo imetulia. Mtu anayekuja kikazi na anahitaji kulala vizuri, au familia yenye watoto wadogo, sitaishawishi iende kwingine. Baridi ya usiku inataka blanketi mbili, na asubuhi ndege ndio wanaokuamsha.

Niliamka mapema nikapanda hadi pale nyumba zinapoishia. Ukungu ulikuwa umelifunika bonde lote. Jua lilipopanda ukafunguka kidogokidogo, na nikauona mji ulivyokaa kweli. Sehemu niliyolala ilikuwa kona ndogo tu ya juu. Chini, kwa kilomita nyingi kutoka Uyole hadi Iyunga na kuendelea kuelekea Mbalizi, mabati yalikuwa yamefuata barabara pande zote mbili.

Historia inaeleza kwa nini. Novemba 1965 serikali ya walowezi wa Rhodesia ilijitangazia uhuru wake, na Zambia, ambayo bidhaa zake zilipitia kusini, ikajikuta imebanwa. Njia mojawapo iliyobaki ilikuwa ya Dar es Salaam. Mafuta na shaba vilianza kusafirishwa kwa malori katika barabara ya vumbi na matope iliyopita hapa. Mwaka 1968 bomba la mafuta la TAZAMA, lenye urefu wa kilomita 1,710 hadi Ndola, lilianza kazi. Kati ya mwaka 1970 na 1975 Wachina, Watanzania na Wazambia walijenga reli ya TAZARA, kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, na barabara ikatiwa lami. Dhahabu iliiweka Mbeya kwenye ramani, lakini njia ya kusini ndiyo iliyoifanya jiji, hadhi iliyoipata rasmi mwaka 2005. Nilifunga begi nikashuka chini.

Mbeya: Soweto na Mwanjelwa

Nilipata chumba Soweto, ghorofa ya pili, dirisha likitazama paa za vibanda. Majina ya mitaa ya chini yanatosha kukuonyesha watu wa mji huu walivyokuwa wakitazama mbali: Soweto, Kabwe, Ghana, Ruanda. Wanaume wa Unyakyusa walikwenda kwa maelfu kuchimba shaba Zambia na dhahabu Afrika Kusini enzi za ukoloni, na katika familia nyingi za hapa kuna babu aliyerudi na sanduku la bati na hadithi za Johannesburg.

Saa kumi na moja alfajiri Mwanjelwa ilikuwa imeshaamka. Nilishuka na koti, nikanywa chai ya Rungwe na chapati mbili kwa mama mmoja aliyekuwa amekaa katikati ya masufuria yake. Magari ya Tukuyu yalikuwa yakishusha ndizi, mikungu mizima, ya kupika upande huu na ya kuivisha upande ule. Parachichi zilikuwa kwenye makreti. Viazi vya Uporoto vilikuja kwenye magunia ya lumbesa, yaliyoshonewa kilemba kirefu juu ya mdomo wa gunia, na vijana wakayabeba mgongoni wakipita kwenye tope bila kuteleza. Kwa rejareja, kipimo ni sado. Muuzaji anaijaza mpaka inafanya kilima, anaweka kiazi kimoja cha juu, halafu anakutazama. Ukikaa kimya, anaongeza kingine.

Kwenye mchele nilikaa zaidi. Dada mmoja alikuwa na magunia matatu yaliyofunguliwa: wa Kyela, wa Mbarali na wa Kamsamba. Akaniambia nisisome kibao. Alichota punje za Kyela kiganjani, akazipumulia pumzi ya moto, akaninusisha. Harufu ilikuja mara moja.

"Kaka, huu ukiupika jirani anajua," akasema. "Wanaokuja kutoka Zambia wanauliza huuhuu. Wa Kongo wanachukua mwingi zaidi, ila wao wanataka bei kwanza, harufu baadaye."

Soko hili limepitia mengi. Liliungua moto mwaka 2006, na wafanyabiashara wakatawanyika. Wengi walihamia eneo la SIDO, na huko nako moto ukazuka mwaka 2011, kisha tena mwaka 2017. Soko jipya lilijengwa Mwanjelwa, jengo kubwa la kisasa. Lakini ukizungumza na watu wa vibandani utasikia mtu akitaja mtaji aliopoteza, kisha mtaji aliouanzisha upya, na mwaka wa kila mmoja. Wanasimulia kwa utulivu wa watu wanaojua watafungua kesho. Nilitoka hapo nikiwaheshimu kuliko nilivyowahi kumheshimu mfanyabiashara yeyote.

Mchana nilikula ndizi za Kinyakyusa zilizopikwa kwa nyama, rojo zito, pilipili pembeni. Jioni mishikaki ilianza kuchomwa kando ya Kabwe, bajaji zikapiga honi, na vijana wakakusanyika kubishana kuhusu Mbeya City na Prisons, timu mbili za mji mmoja. Meza ya jirani walikaa wanaume watatu waliokuwa wakizungumza Kiswahili cha Katanga. Walikuwa wamekuja na malori ya shaba, wanarudi na mchele na sabuni. Mmoja aliniambia analala Mbeya kila safari, mtaa huuhuu, kwa sababu hapa anajua nani anauza nini, na wao wanamjua.

Kelele zipo, sifichi. Muziki hukoma usiku wa manane na magari huanza kabla ya alfajiri. Anayeleta begi lenye thamani atafute gesti yenye mlinzi na asizurure peke yake kwenye vichochoro baada ya maduka kufungwa. Lakini mtu akitaka kuiona Mbeya ikifanya kazi iliyoifanya iwe jiji, alale huku, kati ya Mwanjelwa na Soweto, na apande Uzunguni mchana kutazama mlima.

Mbozi

Njia ya Tunduma inapita Mbalizi, inavuka Mto Songwe, kisha inaingia nchi ya kahawa. Tangu mwaka 2016 huu ni Mkoa wa Songwe, na makao yake yako Vwawa. Mibuni imepandwa hadi kwenye ua wa nyumba, na kahawa inaanikwa kwenye vichanja msimu wake ukifika.

Nilichepuka kwenda kuona kimondo cha Mbozi. Ni bonge la chuma lililotoka angani, zaidi ya tani 12, limelala mlimani likiwa wazi. Mvua ilikuwa imelilowesha, na rangi yake ilikuwa nyeusi yenye kung'aa. Nililigonga kwa ufunguo, likalia mlio wa kengele. Watoto wa shule waliokuwa hapo wakaligonga kwa zamu, kila mmoja mahali pake, wakitafuta mlio ulio juu zaidi.

Tunduma

Malori yanakutangulia kufika. Foleni huanza kabla ya mji: matangi ya mafuta na makontena upande wa kwenda, na upande wa kurudi mabamba ya shaba yaliyofungwa minyororo juu ya matrela wazi. Madereva wanakaa kivulini chini ya matrela, wanapika kwenye majiko ya gesi, wanapiga simu nyumbani. Kituo cha pamoja cha forodha kilichozinduliwa Oktoba 2019 na Marais John Magufuli na Edgar Lungu kimeondoa ukaguzi wa mara mbili. Hata hivyo mzigo ni mwingi, na barabara ndiyo hiyohiyo.

Wengi walinishauri nilale Mpemba, kabla ya mji, kwenye utulivu. Ushauri ni mzuri kwa anayetaka kuondoka alfajiri kurudi Mbeya. Mimi nilitafuta chumba upande wa Majengo, nyuma ya barabara kuu. Tunduma imejengwa na mpaka, na mpaka unaonekana vizuri asubuhi na mapema, kwa miguu.

Nilitoka saa kumi na mbili. Kwenye baraza la gesti kulikuwa na saa mbili za ukutani, moja imepishana na nyingine kwa saa nzima. Nakonde, mji wa Zambia ulioungana na huu nyumba kwa nyumba, uko nyuma kwa saa moja. Kwa hiyo mwenye duka anayefungua saa mbili upande huu anajua wateja wake wa ng'ambo ndio kwanza saa moja. Watu wa Tunduma wanaishi na saa zote mbili bila kuhangaika. "Tukutane saa nane ya huku," wanaambiana, na neno "huku" ndilo linalobeba mkataba wote.

Wabadilisha fedha walikuwa wamekaa tayari kwenye vigoda, noti za kwacha kwenye mkono mmoja na za shilingi kwenye mwingine, zimekunjwa kwa mafungu. Mama mmoja alipita na beseni la nyanya kichwani, akamtolea salamu mtu wa ng'ambo kwa Kinyamwanga, akaitikiwa kwa Kinyamwanga. Mstari unaowatenganisha ulichorwa mbali na hapa, katika mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa tarehe 1 Julai 1890. Wanyamwanga walikuwepo kabla ya mkataba huo, na wapo pande zote mbili hadi leo: shamba upande huu, mjomba upande ule, harusi kule, msiba huku.

Nilivuka kula chakula cha mchana Nakonde. Waliniletea nshima, ambayo Mtanzania ataikaribisha mezani kama ugali wake, na ifisashi, mboga za majani zilizopikwa na karanga za kusaga hadi zikawa nzito. Mzee aliyeketi mbele yangu alinisalimu kwa Kibemba, "Mwapoleni," kisha akaendelea kwa Kiswahili safi.

"Nimezaliwa hapa, mwanangu. Mke wangu katoka Tunduma."

"Na watoto, mzee?"

"Wawili wamesoma huku, wawili kwenu. Tukikaa pamoja tunazungumza lugha zote."

"Mgeni akija mara ya kwanza, alale upande upi?"

Alifikiri kwanza. "Alale palipo na ndugu," akasema. "Kama hana ndugu, alale karibu na sokoni. Sokoni atampata."

Ushauri wake umeupita wangu. Mji wa mpakani umejaa watu waliotoka kwingine, kwa hiyo mgeni haonekani kama kitu cha ajabu. Akikaa penye kazi, atasalimiwa, ataulizwa katoka wapi, na kabla ya jua kuzama atakuwa anajua habari za watu. Akijifungia kwenye hoteli ya kando kwa ajili ya utulivu, ataupata utulivu, na mji hatakuwa ameuona.

Kwa anayepanga kwenda, ninapendekeza hivi. Iringa pandeni mlimani, Gangilonga au Mlandege, mkaende Kalenga. Mbeya shukeni chini, Soweto au Mwanjelwa, mkaamke na soko. Tunduma sogeeni mpakani kadiri gesti salama inavyoruhusu, na mtoke asubuhi. Nendeni na sweta na viatu visivyoogopa tope, na kila mahali mwanze kwa kumwamkia mwenye nyumba kabla ya kuuliza bei. Mimi, mvua zikipungua, nataka kushika njia ile nyingine ya Uyole, nipite chai ya Tukuyu na mpunga wa Kyela hadi Kasumulu, penye Mto Songwe na Malawi, nikaulize swali lilelile.